Ruzuku Haifichwi

Kila asubuhi Mama Pindo alitoa cherehani yake barazani. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyejua kupinda suruali kama yeye. Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mke akishona, mume akiziba pancha, siku yao ilipita hivyo.

Alasiri Mama Pindo alikwenda kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Aliingia hapo hajui a wala be. Baada ya miaka miwili aliweza kusoma, kuandika na kupiga hesabu. Wenzake wakamchagua awe mweka hazina wa kikundi.

Mwaka huo serikali ililipa darasa lao ruzuku ya milioni mbili. Ilikuwa ya kununua mabati, madawati na vitabu. Ruzuku si mkopo, hairudishwi. Lakini ina masharti, na sharti moja lilisema hivi: "Kikundi kitatangaza hadharani pesa kilizopokea na matumizi yake."

Mama Pindo alimsomea mumewe barua hiyo.

"Hadharani?" Mumewe aliangusha spana. "Unataka wezi watuvunjie mlango? Na ndugu zangu je? Kesho wote watakuwa hapa na shida zao. Ficha barua hiyo, mke wangu."

Barua ikaingia chini ya godoro. Mabati yakanunuliwa, yakawekwa kwa seremala kusubiri mbao. Mama Pindo hakusema neno kwa mtu yeyote. Lakini wahenga hawakukosea: kimya kina mshindo mkuu.

Wateja walianza kupungua. Akifika bombani, wanawake walinyamaza ghafla. Siku moja muuza mkaa, shoga yake wa miaka mingi, alibeba ndoo yake nusu ikiwa tupu, akaondoka bila hata kumsalimu. Kisha binti wa Mama Pindo akarudi kutoka shule na macho mekundu.

"Mama, eti wewe na baba mtafungwa?"

"Nani kasema?"

"Wote wanasema."

Asubuhi iliyofuata Mama Pindo alifungua mlango, akaona herufi kubwa za chaki kwenye ubao wa mlango huo. Zamani angezipita kama michoro. Sasa alizisoma zote tano: MWIZI.

Alilifuta neno lile kwa kiganja, tena na tena, huku akiangalia huku na huko. Ni nani? Alisimama hapa saa ngapi? Je, kesho atakuja na jiwe?

"Tuhame," mumewe alinong'ona alipoambiwa.

"Tukihama tumekiri," alijibu Mama Pindo. "Mimi naenda ofisini."

Alitembea akihisi kila dirisha linamtazama. Mbele ya ofisi ya elimu palikuwa na ubao wa matangazo. Hapo alipigwa na butwaa. Orodha ya vikundi vyote vilivyopata ruzuku ilikuwa imebandikwa. Jina la darasa lao lilikuwa mstari wa nne, na kando yake: milioni mbili. Chini ya mstari huo karatasi ilikuwa imechafuka kwa alama za vidole vya watu.

"Kumbe wanajua!" alisema kwa sauti.

Ofisa wa elimu ya watu wazima, mwanamke mpole mwenye miwani, alitoka mlangoni. "Wanajua nusu, mama. Nusu ndiyo inayozaa fitina. Wameona pesa zilizoingia. Hawajaona zilikokwenda."

"Nilidhani kuficha ni usalama."

"Pesa hizi ni za umma. Kila mtu ana haki ya kuuliza. Ukitangaza, unajilinda wewe mwenyewe. Andika kwenye karatasi kubwa: mmepokea kiasi gani, mmenunua nini, kwa bei gani, kimebaki kiasi gani benki. Sema risiti ziko wapi, ili anayetaka aje azione. Kisha iteni mkutano."

Mama Pindo alikumbuka jambo. "Kuna elfu ishirini sina risiti. Nilimlipa mtu wa mkokoteni aliyebeba mabati."

"Iandike hiyo kwanza. Mfuate athibitishe kwa maandishi. Usitunge risiti, hata kidogo. Kosa linasameheka, uongo ni kesi."

Mtu wa mkokoteni alipatikana sokoni. Hakujua kuandika, kwa hiyo mwenye duka mmoja aliandika maneno yake, akamsomea, naye akaweka dole gumba.

Siku ya mkutano darasa lilijaa hadi nje. Mama Pindo alibandika karatasi ukutani. Alisoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye elfu ishirini, aliisoma pia.

"Hapo nilikosea. Sikudai risiti siku ileile. Na tulikosea kunyamaza. Mtusamehe."

Muuza mkaa akasimama, mikono kiunoni.

"Umesema mabati thelathini. Yako wapi? Mbona sisi hatulioni hata moja?"

"Yako kwa seremala."

"Twende tukayahesabu!"

Watu wakacheka, lakini wakaenda. Muuza mkaa alihesabu kwa kugonga kila bati kwa kidole. Mama Pindo alisimama nyuma yake akihesabu pamoja naye, ingawa alijua hesabu yake ni sahihi.

"Thelathini," muuza mkaa alisema. Aligeuka, akamtazama kwa haya. "Shoga, tulikusengenya, tulikula nyama yako bure."

Watu wakamweka muuza mkaa kwenye kamati ya ukaguzi wa pesa palepale. "Mwenye mdomo mkali ndiye tunayemtaka," seremala alisema.

Kabla mvua hazijaanza, paa lilikuwa limekamilika. Kila mwisho wa mwezi karatasi mpya ilibandikwa ukutani. Wezi hawakuja. Ndugu walikuja wawili tu, wakaonyeshwa karatasi, wakaelewa pesa si za mtu mmoja.

Mwezi wa tatu baada ya mkutano, muuza mkaa alisimama mbele ya karatasi muda mrefu.

"Nikusomee?" Mama Pindo aliuliza.

"Hapana." Muuza mkaa alivuta dawati jipya, akaketi. "Mkaguzi gani anasomewa? Nifundishe."