Aliyegonga Nyuma ya Msafara

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mdogo wangu alikuwa uani anaosha vyombo, mimi nimekaa kwenye kigoda namsema kwamba anamaliza sabuni kama vile kiwanda ni cha marehemu baba yetu. Wanawe wawili walikuwa wanajiandaa kwa safari. Mmoja yuko sebuleni, mwingine kajibanza jikoni, maana hawakai chumba kimoja. Mkubwa akitaka chumvi anamwambia mama yake, mama yake anamwambia Twiga, yule mdogo, Twiga anampa mama yake, mama yake anapeleka sebuleni. Ndivyo tulivyoishi. Nikasema, "Nyumba gani hii, hata chumvi ina mjumbe!" Twiga akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya yule mtoto, kama mlango wenye kutu. Ningetoa nini leo nikisikie.

Mimi kusoma sijui. Lakini ugomvi wa ukoo huu ninao wote kichwani, nani kamnunia nani na kwa sababu gani, kwa hiyo huu usikieni kwangu.

Wale ndugu walikuwa wanaongoza wageni kwa miguu jangwani, mpaka kule kwenye ziwa la magadi ambako gari haifiki. Kazi waliirithi kwa baba yao. Baba yao alipofariki, Twiga alikuwa hukohuko jangwani na wageni. Joto lilikuwa kali, maiti haikai. Mkubwa akaamua, tukazika. Twiga karudi na vumbi lake usoni, kakuta udongo. Hakulia. Alimwangalia kaka yake akamwambia, "Hukuningoja." Halafu akasema maneno ambayo mimi nilikuwepo, niliyasikia: "Kuanzia leo mimi sina kaka."

Na kweli. Tangu siku ile hakumwita tena kaka. Ilikuwa "wewe," au "huyo." Tulikaa vikao, wakaja wazee, wakala wali wetu, wakaondoka. Hakuna kitu.

Lakini kazini walikuwa hawaachani, maana njia ile walikuwa wanaijua wao tu. Mkubwa anatangulia na kamba ya ngamia wa mizigo. Wageni wanafuata mmojammoja. Twiga anafunga msafara, mbali kidogo, ili mtu asichoke akaachwa. Sasa sikilizeni hapa, maana mambo yote yako hapa. Jangwani kule waongozaji hawaitani kwa sauti. Baba yao aliwakataza, na yeye alikatazwa na baba yake. Ukiwa unatembea ukasikia nyuma unaitwa, usiitike, usigeuke. Wanasema kule kuna kitu kinaita watu kwa sauti za ndugu zao, na anayeitika haonekani tena. Kwa hiyo wanatumia vikombe vya bati. Wa mbele anagonga kikombe chake kwa fimbo, ko. Maana yake, upo? Wa nyuma anajibu, ko. Nipo. Basi, safari inaendelea.

Kwa watu walionuniana, si mnaona ilivyowafaa? Waliweza kutembea kutwa wasisemeshane.

Asubuhi ile wanaondoka, mdogo wangu aliwashika mikono wote wawili pale mlangoni, mikono yake bado ina mapovu. Akasema, "Mimi nina presha. Sitaki kufa nina mtoto huku na mtoto kule. Safari hii mrudi mnaongea. Msiporudi mnaongea, msinirudie."

Twiga akatazama chini. Mkubwa akasema, "Nimesikia, mama."

Aliniambia baadaye kwamba alikuwa kaamua. Wakifika ziwani, ataanza yeye. Atamwomba msamaha. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno.

Yaliyofuata niliyapata kwa Mkubwa mwenyewe, na mengine kwa mgeni mmoja, mama wa makamo waliyemwita Mama Kofia kwa sababu kofia yake ilikuwa inaweza kuanikiwa mpunga. Huyo ndiye aliyekuwa mwisho kwenye mstari wa wageni. Nyuma yake, Twiga.

Walilala njiani salama. Asubuhi wakaamka, wakaondoka mapema jua halijachachamaa. Walipopita kwenye vichaka vya miiba, Mkubwa akasikia sauti nyuma yake.

"Kaka!"

Sauti ilikuwa ya Twiga kabisa. Ikaita tena, safari hii kama mtu aliyebanwa kifua.

"Kaka! Kaka, ningoje!"

Mkubwa akakaza shingo. Alijisemea moyoni, huyo si mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka haniiti kaka. Angeniita "wewe." Hicho ndicho kile tulichoambiwa, na kimejua kunipata. Akaendelea kutembea. Ngamia akagoma, akageuza shingo kuangalia nyuma. Mkubwa akavuta kamba. Wageni wakamuuliza kuna nini, akawaambia msigeuke, twendeni. Nao watu wa watu, wakatii.

Kisha akagonga kikombe. Ko.

Kimya.

Akagonga tena. Ko.

Kimya kirefu. Upepo tu.

Halafu nyuma kule ikajibu. Ko.

Aliniambia, "Mama mkubwa, nilishusha pumzi mpaka machozi yakanitoka. Nikajua mdogo wangu yupo."

Wakaenda. Kila akigonga, anajibiwa. Tena anajibiwa upesi kuliko kawaida. Hajainua fimbo vizuri, imeshajibu.

Mchana wakapumzika kwenye kivuli cha mwamba. Twiga kwa kawaida hakuwa anakuja kukaa nao. Alikuwa anabaki upande wa pili, aangalie njia walikotoka, na pia asikae na huyo. Mkubwa akamimina maji, akampa Mama Kofia. "Mpelekee mwenzangu." Mnaona tena? Hata maji na mjumbe.

Mama Kofia akazunguka mwamba. Anasema alimkuta amekaa, amempa mgongo, kajifunika shuka kichwani kwa ajili ya jua. Akamwambia, "Maji haya." Hakugeuka. Alinyoosha mkono tu kwa nyuma. Mama Kofia akampa. Vidole vyao vikagusana.

"Vilikuwa vya baridi," aliniambia. "Nikadhani ni kwa sababu ya kivuli."

Lakini upande ule, wanangu, hakukuwa na kivuli. Jua lilikuwa linapiga hapohapo. Hilo alilikumbuka tukiwa msibani.

Jioni jioni, jua bado lipo, ziwa likatokea. Jeupe. Tope la magadi limezunguka kote, linanata miguuni. Mkubwa akaona ni sasa. Akisubiri wafike kambini atakosa ujasiri. Hakugeuka. Alisema huku anatembea, macho mbele, kwa sauti ya kutosha.

"Twiga. Mdogo wangu. Nilikosea. Ningekungoja."

Hatua zikasikika nyuma. Chwa, chwa, kwenye tope.

"Nilimwogopea baba kuharibika. Lakini ningekungoja. Nisamehe."

Ko.

Mkubwa akaanza kulia. Mtu mzima, ndevu zimejaa, analia mbele ya wageni.

"Umenisamehe?"

Ko.

"Basi niite kaka. Mara moja tu. Mama anataka turudi tunaongea."

Hapo hapakujibiwa.

Mkubwa akavunja mwiko. Aligeuka, mikono kaifungua, amkumbatie mdogo wake.

Wageni walikuwepo. Mama Kofia alikuwepo. Nyuma ya Mama Kofia hakuna mtu.

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Si huyu hapa," Mama Kofia akasema, akageuka. "Alikuwa ananipumulia kisogoni."

Wakaangalia chini. Tope la magadi halifichi kitu, hata ndege akikanyaga linabaki na alama. Nyayo za ngamia zilikuwepo. Za Mkubwa. Za wageni, mmojammoja, mpaka za Mama Kofia.

Zikaishia hapo. Nyuma yake tope lilikuwa laini kama uji uliopoa.

Mkubwa aliwaacha wageni kambini na mpishi aliyebaki huko tangu safari iliyopita, akamchukua ngamia, akarudi. Alitembea anaita. Hakugonga kikombe tena, alikuwa anaita kwa mdomo, kwa sauti yote, "Twiga! Twiga! Mdogo wangu, nakuja!" Hakujali kitakachoitika. Anasema alitamani kiitike hata hicho.

Alimkuta karibu na vichaka vya miiba. Nyoka alikuwa amemgonga juu kidogo ya kifundo. Mguu umevimba umekuwa mweusi. Na hakufia pale alipogongwa. Mchangani kulikuwa na mfereji, mtu amejivuta kwa viwiko kufuata msafara, kajivuta, kajivuta, mpaka nguvu zikamwishia. Kikombe chake kilikuwa kimebaki kule mwanzo kwenye miiba, kamba imekatika. Hakuwa na cha kugonga. Alikuwa na sauti tu.

Ile sauti ilikuwa yake, wanangu. Aliita kaka. Baada ya miaka yote ile, alimeza kiburi chake akaita kaka, na kaka yake akakaza shingo.

Na kile kilichokuwa kinajibu, ko, ko, kutwa nzima? Mimi sijui. Msiniulize. Mkubwa naye hajui, na hataki kutajiwa.

Alimfunga juu ya ngamia, akamrudisha nyumbani. Njia nzima alikuwa anamsemesha. Wachungaji waliompita walidhani amechanganyikiwa, anamhadithia maiti habari za utotoni, anacheka, ananyamaza kama anayesubiri jibu. Alipofika mlangoni mdogo wangu akatoka mbio. Akamwona mmoja amesimama, mmoja amelala. Mkubwa akamwambia, "Mama, tumerudi tunaongea."

Mdogo wangu akaanguka palepale.

Kuzika, Mkubwa alikataa kata kata. Alisema hazikwi mpaka afike kila mtu wa ukoo, wa mbali na wa karibu, hata wale tusiosalimiana nao. Joto hilo hilo. Watu wananong'ona, harufu itatutoa humu ndani. Mimi nikawaambia, anayeona vibaya aende kwao. Tukamfukizia ubani, tukangoja. Wakaja wote. Mama Kofia naye akaja, wachungaji walikuwa wamewarudisha wageni, kofia kaivua, akakaa na sisi kwenye mkeka.

Wanaume wakamwosha, wakamvika sanda. Mkubwa ndiye aliyemwosha miguu, kwa mkono wake, na alisugua vizuri, maji yakatoka meusi ya vumbi la mchanga mpaka yakawa meupe. Viatu vya Twiga tulivikuta vimejaa mchanga mkavu wa vichakani. Ziwani hakufika. Kutoka pale alipofia mpaka ziwani ni mwendo wa kutwa, na yeye hakuona mchana wa siku ile.

Kabla hawajamfunga upande wa chini, mdogo wangu akaniomba. "Dada, nifunulie miguu. Nimeizaa mimi, niiage." Nikapiga magoti nikafunua.

Nikainama nitazame vizuri.

Katikati ya vidole, na chini ya unyayo mpaka kisiginoni, kulikuwa na tope. Jeupe. La magadi. Nililigusa kwa kidole.

Mdogo wangu akaliona. Akatabasamu, ndiyo, siku ya kumzika mwanawe alitabasamu. Akasema, "Alifika. Alimsikia kaka yake." Na mpaka leo hiyo ndiyo dawa yake ya presha, akikosa usingizi anajiambia alifika. Mkubwa nilimwita aone. Aliangalia, akatoka nje, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake.

Mimi sikumwambia mtu yeyote kingine nilichokijua, nawaambia nyie. Maiti ile ilikuwa imekaa ndani ile siku tunangoja watu, chumba kimefungwa, jua linaunguza bati. Kila kitu mle kilikuwa kimekauka, hata maua tuliyomwekea yalikuwa yamekauka.

Na miguu Mkubwa alikuwa ameshaiosha, lakini tope lile lilikuwa bichi. Lilinishika kidoleni.