Vidole vya Fundi Timazi

Mkewe akifagia ua asubuhi, Fundi Timazi alikaa kizingitini akisugua vidole vyake kwa msasa.

Mji mzima ulimwita Timazi, jina la ile kamba ya waashi ya kupimia wima, kwa kuwa kuta zake zilisimama wima kama askari wa gwaride. Sasa magoti yamechoka. Yeye na mkewe walitegemea pensheni ya wazee, ile ambayo serikali humpa kila aliyetimiza umri, hata asiyewahi kuajiriwa. Lakini mwaka huu ofisi ya pensheni ilileta mashine ya kuhakiki alama za vidole. Fundi aliweka kidole, taa ikawaka nyekundu. Akaweka kingine. Nyekundu. Vidole vyote, na foleni nzima ikitazama.

"Mzee huyu hayupo," mtu mmoja alitania. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo Fundi hakukanyaga tena ofisini, na pensheni ikasimama.

"Unavichonga?" mkewe aliuliza.

"Navisafisha. Saruji imeziba alama."

"Baba, hivyo ni vidole, si mbao."

"Basi nitapanda jukwaa la ujenzi. Mkandarasi wa lile ghorofa anataka fundi. Kesho kutwa naanza."

Mkewe aliacha kufagia. "Juzi kizunguzungu kilikuangusha kutoka kwenye kigoda. Huko juu utaangukia wapi?"

Fundi akaendelea kusugua.

Mkunga mstaafu, jirani yao, aliyasikia yote ng'ambo ya ukuta. Hakuwa mtu wa kupiga hodi mara mbili. Aliingia, akamnyang'anya Fundi msasa.

"Shemeji, lete mkono."

Aliugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kokoto za mtoni. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Watoto wote niliowapokea walizaliwa na alama hizi," alisema polepole. "Wewe umezimaliza kwa kazi. Ile wodi yangu, ile shule, lile soko. Alama zako zimebaki huko ukutani."

Fundi alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Sasa nisikilize. Mashine haikukukataa wewe. Imeshindwa kusoma vidole, na hilo haliondoi haki yako. Ukivisugua unaviharibu zaidi. Chukua kitambulisho, umwambie karani: vidole vyangu havisomeki, naomba nihakikiwe kwa njia nyingine. Mimi walinipiga picha ya jicho."

"Kuna mtu pale kwenye geti la ofisi," Fundi alisema, "anataka asajili kidole chake badala ya changu. Tugawane nusu kwa nusu."

"Akisajili chake, fedha zote ziko mikononi mwake. Utabaki kumwomba. Tena ni kosa la jinai. Usimwachie mtu aweke kidole chake, wala usimpe namba yako ya siri, hata awe mwanao."

"Mwanetu ndiye kabisa asipewe," mkewe akasema.

Kesho yake Fundi na mkewe walikwenda ofisini. Karani alimsikiliza, akakagua kitambulisho chake, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, mbona hukurudi? Mafundi na wakulima wengi huwa hivi. Tazama hapa, usipepese."

Jicho lake likatokea kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama sahani. Siku zote Fundi alidhani jicho lake ni jeusi tu. Sasa aliona nyuzi za kahawia zikiizunguka mboni, safu juu ya safu, na kila uzi umekaa mahali pake. Akavua kofia.

"Hili ni langu?"

"Lako peke yako. Hata la kushoto halifanani na la kulia."

"Maisha yangu yote nimejenga," Fundi alinong'ona, "na kazi kama hii nilikuwa nayo usoni."

Taa ikawaka kijani. Karani akamwambia kwamba miezi iliyokwama atalipwa pamoja na mwezi huu.

Fedha zilipoingia, Fundi alikuwa amekwisha kumwambia mkandarasi atafute mtu mwingine. Jioni ile mkewe alikuwa uani akichambua mboga. Fundi akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama machoni kwa muda mrefu.

"Una nini wewe?"

"Natazama."

"Miaka yote hii hukuyaona?"

"Nilikuwa natazama kuta."

Mkewe aliweka ungo chini. "Basi tazama," alisema. "Huna kazi nyingine."