Mama Aliyeacha Kula

Ndugu zangu wa Bashay, nyumba ya Bonaventura mnaifahamu, ile yenye ng'ombe wanne wa maziwa na shamba la ngano linaloshuka hadi korongoni. Ni watu wapole, kanisani hawakosi. Mama yake mzazi, Bibi Gaudensia, alivunjika nyonga na tangu hapo hakutoka tena chumbani. Hata hivyo uchangamfu haukumwisha. Ukipita nje ulikuwa unamsikia akimkosoa mkamwana wake Ludovika namna ya kukamua, na wote wawili wakicheka.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, bibi akaacha kula. Kwanza alirudisha makande, kisha ugali, mwisho hata maziwa akawa anaonja tu na kusukuma kikombe. Alisema mara moja tu kwamba kinywa kinamuuma. Bonaventura akayatazama meno yake, akayaona ya kahawia, akaridhika. Na wewe msomaji usimcheke haraka. Maji ya huku tunayajua yanavyotia meno rangi, na nani kati yetu ana meno meupe? Jino bovu kwetu linafanana na jino zima, kwa hiyo hakuna aliyelifikiria tena.

Walichofikiria ni kifo. Wazee wa ukoo walisema mtu wa umri ule akikataa chakula ameshaamua kuondoka, asisumbuliwe. Basi hawakumsumbua. Sahani iliingia, sahani ikatoka. Padre aliitwa akampaka mafuta matakatifu. Upande wa pili wa ukuta Bonaventura na kaka yake Sulle wakapanga kaburi lichimbwe wapi, na bibi alisikia kila neno. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Alisikia akanyamaza, akidhani wamemchoka.

Aliyemwokoa ni Perpetua, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja kumjulia hali, na alipoinama kumsalimia alisikia harufu mbaya, akaona shavu limevimba. Hakubishana na wazee. Alitoka nje akampigia simu Rogathe, tabibu wa meno, Mpare aliyehamishiwa Mbulu, ambaye kila Alhamisi huwafuata majumbani wagonjwa wasioweza kutoka kitandani.

Rogathe alikuja kwa bodaboda, mkoba mgongoni. Bonaventura alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani.

"Dada, umechelewa," alisema. "Mama anatuaga."

"Pole sana, kaka. Naomba nimwangalie kinywa kwanza."

Bonaventura alimpisha, Rogathe akaingia na kupiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, bibi. Nionyeshe panapouma."

Kwa wiki tatu hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Bibi alitokwa na machozi, akaweka kidole kwenye taya.

Jino la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, na usaha umejaa chini yake. Rogathe alimpima presha, akamchoma sindano ya ganzi, akaling'oa taratibu. Akaacha dawa, akamfundisha Ludovika kumsafisha bibi kinywa kila siku. Hakuwaficha kitu. Aliwaambia usaha ule ungesambaa mwilini, na kweli wangezika.

Siku ya tatu bibi alimaliza bakuli la uji. Siku ya nne aliuliza nani ameuunguza. Ludovika alirudi jikoni akalia kwa furaha, na hata sisi majirani tulijisikia kama tumetuliwa mzigo.

Jioni hiyo Bonaventura aliketi karibu na mama yake, akimlisha uji.

"Mama, kwa nini hukutuambia tena?"

"Mlikuwa mnazungumza mazishi yangu, mwanangu. Sikutaka kuwakatiza."

 Bonaventura alichukua tena kijiko, akaendelea kumlisha.

FUNZO

Mgonjwa asiyetoka chumbani akikataa chakula, usimwamulie kwamba anakufa. Kaa naye, muulize, mwombe afungue kinywa, utazame shavu na ufizi. Usiseme meno yetu ndivyo yalivyo. Na kama hawezi kwenda kwa tabibu, mwite tabibu aje. Tulimheshimu Bibi Gaudensia kwa kumwacha apumzike, na heshima hiyo nusura imuue.