Mvuke Uliotambaa Sakafuni

Kila akitoka shule, Dorotea alivua sare, akala, kisha akakaa kwenye meza ya mama yake kando ya barabara, mtaa wa Nyasura, mjini Bunda. Juu ya meza hiyo mama aliuza petroli kwenye chupa za maji. Alimruhusu Dorotea kuuza, si kumimina.

"Kumimina ni kazi yangu," alisema, "tena nje, kwenye upepo."

Siku moja mama akiwa sokoni, mvua kubwa ilishuka. Dorotea akaingiza ndani chupa na dumu la petroli ambalo mama hujazia chupa. Mdogo wake Gody alikuwa amelala mkekani katikati ya chumba. Kwenye kona ya mbali, maharage yalichemka juu ya jiko la mkaa.

Burito, dereva wa bodaboda, akaingia amelowa chapachapa, akafunga mlango.

"We Doro, nipe chupa mbili. Pikipiki imezima, abiria ananitukana huko."

"Imebaki moja, kaka. Mama hataki nimimine."

"Na dumu hilo je? Au unaogopaga petroli? Mtoto wa muuza mafuta huyo!"

Dorotea akaona haya. Akalitazama jiko. Liko mbali, akajiambia. Akainamisha dumu juu ya chupa tupu, petroli nyingine ikamwagika sakafuni. Harufu ikajaa chumba kizima.

"Kaka, kichwa kinauma," alisema.

Burito akainama kuchukua chupa. Vuup! Mwali ukaruka chini ya jiko, ukakimbia sakafuni kuwafuata. Pembe ya mkeka ikashika moto. Gody akapiga yowe.

Dorotea aligeuka. Aliona moto unamfikia mdogo wake. Kisha akaruka, akamkwapua, akatoka naye mvuani. Burito alifuata akiburuta dumu.

Mama alifika mbio kutoka sokoni. Jirani mmoja alikuwa ameinua ndoo ya maji.

"Acha! Maji yatausambaza!" mama alipiga kelele. "Mchanga! Leteni mchanga!"

Wakarusha mchanga mpaka moto ukafa. Gody alikohoa tu. Mguu wa Dorotea ulikuwa umeungua. Mama akaumwagia maji safi ya baridi kwa muda mrefu.

"Nani kamimina ndani?"

"Mimi, mama," Dorotea alisema.

"Mimi ndiye nilimchokoza, Mama Doro," Burito akasema.

"Nyie wote mliangalia moto, mkaona uko mbali. Petroli inatoa mvuke usiouona. Ni mzito, unatambaa chini mpaka ukute moto, halafu moto unarudi nao hadi penye petroli. Ndiyo maana kituo cha mafuta wanakuzimisha injini na sigara. Na mimi nimekosa, kuilaza petroli nyumba moja na watoto. Biashara hii imeisha leo. Burito, kituo unakijua. Sukuma."

Burito akaondoka kwenye mvua akisukuma pikipiki. Mama akambeba Gody mgongoni, akamshika Dorotea mkono, wakaenda zahanati.