Samaki Asiye na Macho

Mchukuzi mwenye haraka alilipiga kumbo kapu la binti Dedei, samaki wake wote wakamwagika katikati ya njia, pale soko la Makola jijini Accra palipo na msongamano wa kutisha. Samaki wa vitambaa waliojazwa pamba, wekundu, wa buluu, wenye maua, wakawa wanakanyagwa na viatu vya watu. Dedei akapiga magoti huku analaani. Alipoinua uso, mbele yake alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, kawapakata samaki kifuani kama watoto.

"Huyu mbona hana macho?"

"Macho nashona mwisho. Samaki akishaona si wangu tena, anauzwa."

"Na usiyetaka kumuuza?"

"Anabaki kipofu, anakaa na mimi. Bibi yangu alinifundisha hivyo. Haya, nipe, bwana, unanichelewesha."

"Mimi naitwa Lantei. Macho ninayo, ila sijapata mnunuzi."

Dedei hakutaka kucheka, lakini akacheka.

Lantei alikuwa fundi umeme. Tangu siku hiyo kila jioni akawa anakuja na kenkey ya moto, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na pilipili, wanakula pamoja huku sindano ikiendelea. Kisha akapata kazi migodini Tarkwa, mkataba usio na likizo.

"Sikukuu ya Homowo narudi," alimwambia. "Wajomba zangu watakuja kugonga mlango kwenu na chupa zao za posa. Usimfungulie mwingine, laazizi."

"Mwingine gani atanitaka, na vidole hivi vilivyojaa matundu?"

Miezi ikapita, kisha dereva mmoja akamletea Dedei kifurushi kutoka Tarkwa. Ndani kulikuwa na kitambaa cha buluu iliyokolea, chenye ndege wa manjano wanaoruka. Kilikuwa kizuri mno, lakini Dedei alikijua. Makola kila kitambaa wanawake wamekipa jina, na mtu hukivaa au hukituma kulingana na anachotaka kusema. Hicho kiliitwa Usinisubiri.

Anti Korkoi, jirani yake wa kibandani, akaziba mdomo kwa kiganja. "Pole, mwanangu. Angalau amekuambia."

Jioni simu ikalia.

"Umekipata, mpenzi?"

"Nimekipata."

"Nimekichagua mwenyewe, sikumuuliza mtu. Yote niliyoshindwa kukwambia yamo humo."

"Nimeelewa, Lantei."

"Mbona sauti hiyo?"

"Mafua."

Akakata simu, akaichomoa laini na kuitupa mtaroni. Laiti angeuliza! Lakini mwanamke wa Makola haulizi kitambaa alichotumiwa kina maana gani. Akiuliza, ameomba ahurumiwe, na Dedei alikuwa na kiburi chake.

Bwana Amarh, mgane mpole muuza majokofu, akaleta posa. Mbele ya koo mbili Dedei aliulizwa mara tatu, kama ilivyo desturi: "Tuzipokee chupa hizi?" Mara tatu akajibu ndiyo, na kila mara moyo ulimuuma.

Homowo ilipofika, Lantei alisimama mbele ya kibanda, shati jeupe, tabasamu mpaka masikioni.

"Simu yako haipatikani, nikajua wameiiba. Wajomba wako pale barabarani na chupa zao. Mama yuko nyumbani?"

Kisha akaiona pete.

"Ulinitumia Usinisubiri," Dedei akasema.

"Nilikutumia nini?"

"Kile kitambaa, Lantei!"

"Mimi niliona ndege tu. Wanaruka wawili wawili. Nikasema hawa ni sisi."

"Mungu wangu," Anti Korkoi akanong'ona, akageukia ukutani.

Dedei akaingiza mkono chini ya meza, akatoa samaki wa buluu mwenye ndege wa manjano. Alikuwa kipofu. Akatunga uzi mweusi, akachukua vifungo viwili vidogo.

"Usimshone," Lantei akasema. "Muache hivyo hivyo. Nakuomba, Dedei."

"Niliulizwa mara tatu. Nilijibu."

Akashona jicho la kwanza, akashona la pili. Machozi yalikuwa yakimdondokea samaki, hakuyafuta. Akakata uzi kwa meno, akamkabidhi.

"Ananitazama," Lantei akasema.

"Ndiyo. Sasa nenda naye."

Kule barabarani, mjomba mmoja aliinua mkono kuuliza kama waje. Dedei alimwona Lantei akitikisa kichwa, na yule mzee akazirudisha chupa kwenye mfuko, moja baada ya nyingine.