Kadi ya Nduku Haijafunguka

Simu ililia saa kumi na moja jioni. Munir alikuwa dukani kwake Voi, anapangusa vumbi kwenye kompyuta ya mteja. Aliyepiga alikuwa Reuben, daktari mpya wa zahanati ya shamba la mkonge nje ya mji.

"Fundi, diski ya F imepotea tena. Kila jioni inapotea. Tukija asubuhi, tunaikuta."

"Nitapita kesho, daktari."

"Kesho asubuhi utaniambia haina shida. Njoo uione ikiwa imepotea."

Kwa mwaka mzima Munir alikuwa ameikwepa zahanati ile. Mara baiskeli ina pancha, mara mafua, mara mkwewe anaumwa, na mkwewe maskini mzima kama chuma. Siku hiyo kisingizio hakikuja. Alifunga duka, akapakia mkoba wa vifaa, akaanza kukanyaga baiskeli.

Huo ulikuwa mwaka wa 1998, wakati fundi wa kompyuta Voi alipoamkiwa na watu wazima waliomzidi umri. Wafadhili walikuwa wameipa zahanati kompyuta tatu: moja mapokezi, moja chumba cha sindano, na kompyuta kuu katika ofisi ya kadi. Waya mmoja mweusi ulizipitia zote tatu. Kadi za wagonjwa wote zilikaa kwenye kompyuta kuu, na muuguzi akiwa chumba cha sindano alizisoma kupitia diski iliyoitwa F. Kadi za karatasi zilitupwa stoo, mchwa wakazila. Maendeleo hayo.

Alifika jua likizama. Upepo ulileta harufu ya mabaki ya mkonge yaliyooza, harufu inayokwama kooni. Reuben alimpeleka chumba cha sindano, akamwonyesha kioo cha kompyuta. F haikuwapo.

"Niko mapokezi ukinihitaji," Reuben akasema, akaondoka.

Munir alianza kwa utaratibu, maana kazi hii ukiifanya kwa pupa inakukimbia. Alikwenda ofisi ya kadi. Kompyuta kuu ilikuwa inawaka, folda ya kadi iko wazi kwa wote, kama alivyoiweka mwenyewe. Neno la siri lilikuwa sawa. Akarudi chumba cha sindano, akaamuru kompyuta ya pale iiite kompyuta kuu kwa nambari yake. Mashine huita mara nne, ikingoja kujibiwa.

Ya kwanza, kimya.

Ya pili, kimya.

Ya tatu...

"Imefunguka?"

Munir aligeuka. Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa mama mmoja, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Hakuwa amesikia mlango.

"Habari ya jioni, mama."

Mama alikuwa anajikuna mkono juu ya kitambaa, polepole. Kr... kr... kr...

"Mimi si daktari, mama. Ni fundi tu. Daktari yuko mapokezi."

"Niliambiwa ningoje," mama akanong'ona. Sauti yake ilipita kwa shida, kama ya mtu aliyevimba koo. "Kuna sindano nilikatazwa. Jina lake silijui. Limeandikwa kwenye kadi."

Munir aliondoa vidole kwenye kibodi. Maneno hayo aliwahi kuyasoma, neno kwa neno, kwenye karatasi ya uchunguzi.

Tuseme ukweli sasa, maana yeye alikuwa hajausema.

Mwisho wa waya wa mtandao wa aina ile hufungwa kizibo cha chuma, kidogo kama ncha ya kidole. Kizibo kikitoka, mtandao wote unakufa. Mwaka mmoja kabla, mteja mkubwa wa mjini alipotelewa na kizibo chake, na vipya vilikuwa Mombasa. Munir alifanya wanachofanya mafundi wengi: alipita zahanati jioni, akajidai anakagua, akakichomoa kizibo cha hapo nyuma ya kabati, akakitia mfukoni. Alijiambia ni usiku mmoja tu. Zahanati jioni haina watu.

Jioni hiyo ndipo Nduku, mkata mkonge, alipoletwa na homa kali, mwiba wa mkonge umemwozesha mkono. Alimwambia Sista Branice Ajwang' kuna sindano aliyokatazwa. Branice alihangaika na kompyuta, F haikufunguka, na ofisi ya kadi ilikuwa imefungwa, karani kaenda na ufunguo. Mgonjwa alikuwa anazidiwa, gari la kumpeleka hospitali halipo. Branice akamchoma penisilini. Nduku alianza kujikuna, halafu akavimba, halafu pumzi ikagoma.

Alfajiri, kabla hata habari ya kifo haijamfikia, Munir alikuwa amemhimiza mteja wake apokee kizibo kipya kilichokuja na basi la usiku kutoka Mombasa, naye amekirudisha cha zahanati mahali pake. Walipomwita kwenye uchunguzi aliandika sentensi moja: *Nimepima mtandao, hauna kosa.* Branice alifukuzwa kwa uzembe, akarudi kwao Bondo na watoto wawili. Munir alimwona akipanda basi. Alijificha nyuma ya kioski, akanunua soda asiyoitaka.

Kr... kr...

Munir hakuthubutu kutazama benchi tena. Alipiga magoti, akapapasa nyuma ya kabati, akaufuata waya kwa vidole mpaka mwisho wake.

Mwisho ulikuwa wazi. Kizibo hakipo.

Akatia mkono mfukoni atoe tochi. Vidole vikagusa kitu kidogo cha chuma, cha moto kama kimetoka jikoni.

Kilikuwa kile kile, chenye mkwaruzo wa koleo lake. Kizibo alichokirudisha mwaka mmoja uliopita.

Akakifunga mwisho wa waya. Kwenye kioo F ikarudi, na kadi moja ikafunguka yenyewe bila yeye kugusa kitu. Nduku. Chini ya jina, kwa herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI.

"Imefunguka, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Benchi lilikuwa tupu.

Reuben akachungulia mlangoni. "Unaongea na nani?"

"Kuna... kuna mama alikuwa hapa."

"Hapa hakujakuja mgonjwa tangu saa tisa." Reuben akatazama kioo. "Oh, imerudi. Shida ilikuwa nini?"

Hapo ndipo Munir angeweza kujiokoa. Ulimi wenye mazoea ukamponyoka. "Waya ulilegea tu, daktari."

F ikapotea. Walikuwa wanaitazama wote wawili.

Chumba kikajaa harufu ya mkonge uliooza. Nyuma yao, kwenye benchi tupu, kr... kr... kr...

"Hiyo ni nini?" Reuben akauliza.

"Ni mimi," Munir akasema, na machozi yakamtoka bila hodi. "Daktari, mimi ndiye niliyetoa kizibo jioni ile Nduku alipokufa. Sista Branice hakuwa na kosa. Nilidanganya."

Mkuno ukakoma. F ikarudi.

Kisa cha Nduku Reuben alikuwa amekikuta kwenye faili. Alikuwa mtu wa kanisa na wa vitabu, na mambo haya hakujua ayaweke rafu gani. Mwishowe akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Keti uandike yote. Barua moja ya shamba, moja ya Branice." Kisha akaongeza, "Na mume wa Nduku, Katuku, anaishi Miasenyi. Yeye hapelekewi barua. Utaenda mwenyewe, umwambie usoni."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Jumamosi, daktari."

Aliandika barua zote mbili, akazituma. Shamba lilimnyang'anya kazi, akaona ni haki yake. Tangu siku hiyo F haikupotea tena, na Munir akaanza kulala. Jumamosi ikafika, akasema jua ni kali. Jumamosi ya pili palikuwa na harusi. Miasenyi si mbali, barabara kuu ni lami tupu, lakini kila akifikiria uso wa Katuku alirudisha baiskeli ukutani. Alijiambia kosa ameshalikiri, mengine ni Mungu.

Wiki ya tatu jibu la Branice likaja. Munir alilifungua nyumbani, jua likizama.

*Bwana Munir, barua yako imefika. Shamba pia wameniandikia nirudi kazini. Kusamehe bado, usiniharakishe. Lakini kuna kitu lazima nikuambie. Mwaka mzima Nduku alikuwa anakuja hapa jioni, anakaa kwa benchi ya mama yangu, anajikuna. Sikuambia watu, wangesema nimerogwa. Siku barua yako ilifika nilimsomea kwa sauti, mpaka mwisho. Akasikiza yote. Halafu akaniuliza kama Katuku naye amesomewa. Nilisema sijui. Akaniuliza wewe unakaa wapi. Nilimwambia Voi, karibu na msikiti. Samahani. Sikujua ningesema nini ingine.*

Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. Munir aliikunja barua mara nne. Nje, mkewe Saadiya alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, kisha Munir akamsikia akisalimia mtu.

Saadiya akaja mpaka mlangoni.

"Baba Faiza, kuna mama hapa barazani. Nimemkaribisha ndani, hataki. Asema atangoja papo hapo."

"Angoja nini?"

"Asema mwende pamoja Miasenyi, wewe wajua kwa nani." Saadiya akashusha sauti. "Maskini, mkono umemvimba. Ajikuna tangu alipoketi."

Munir alitia mkono mfukoni. Kizibo kilikuwapo, kidogo, cha moto.

"Mwambie nakuja," akasema, wala hakuinuka.