Tone la Kwanza la Ai Do

Wali wa asubuhi ile ulikuwa mchungu. Yi Namo alidhani mumewe amekaangia majani ya chai kwenye karai la chakula, kosa ambalo kwetu mlimani humrudisha mwanamke kwao, akamsema kidogo, kisha akalisugua karai kwa majivu na kupika upya. Wali wa pili ukawa mchungu kuliko wa kwanza. Maji ya mtungini nayo yalikuwa na ladha hiyohiyo, ya jani bichi lililotafunwa. Akajiambia labda ni yeye, maana alikuwa ametoka kujifungua juzi tu, na ulimi wa mzazi hauaminiki.

Mumewe, Ai Senla, alikula wali ule mpaka ukoko, asionje uchungu wowote. Na huyo ndiye mtu ambaye ulimi wake ulikuwa fahari ya kijiji. Mfumbe macho, umpe kikombe cha chai, atakwambia imetoka mteremko upi, imechumwa kabla ya mvua au baada yake, na kama aliyeikaanga alikuwa na haraka. Wanunuzi waliopanda kutoka mji wa Menghai kila majira ya machipukizi walimtafuta yeye kwanza. Alijua hivyo, na hata mwendo wake ulisema hivyo. Sisi majirani tulimtania kwamba siku akifa tutazika mwili na kuubakiza ulimi.

Mwaka ule alileta chai ya mwitu. Si ya mashamba tuliyoachiwa na wazee. Hii ilitoka msitu wa juu kabisa, kwenye mti ambao haukupandwa na mtu, wenye machipukizi ya zambarau. Nilipewa kikombe, nami nasema kweli: uchungu wake uliingia kama kofi, na nilipotaka kuutema, utamu ukapanda taratibu kutoka kooni ukakaa mdomoni hadi jioni. Ilinukia ukungu na gome lililolowa. Sijawahi kunywa kitu kizuri kama kile, na sitaki kukinywa tena.

Mtoto wao, Ai Do, alizaliwa majani yale yakiwa bado yananukia nyumbani. Kwetu mtoto hashiki ziwa kabla hajalambishwa tone la chai. Tone hilo hutoka kwenye mti wa roho wa shamba la baba yake, ule wa kwanza kupandwa na mababu, unaowekewa wali na maua. Ndivyo mlima unavyomjua mtoto kuwa ni wa nani. Lakini Ai Senla alikuwa na kikombe cha chai yake mpya mkononi, akaona mwanawe anastahili kilicho bora. Akachovya kidole humo, akampaka ulimini, akacheka mtoto alipokunja uso.

Haukupita muda Ai Do akakataa ziwa. Alilishika, akavuta mara moja, akaliachia akilia kama aliyeungua. Yi Namo alikamua tone kiganjani akalionja. Lilikuwa chungu kama shubiri.

Walimpa maji ya wali kwa kijiko, akayatapika. Mashavu yakaanza kubonyea. Kisha ikaja sauti. Kila jua lilipozama, nguzo ya katikati ya nyumba ilisikika ikikatwa, ko, ko, ko, panga juu ya mti mbichi, na ukiigusa nguzo unakuta ni kavu na haina hata mchubuko. Kila pigo mtoto alishtuka, na Ai Senla alishtuka zaidi ya mtoto. Yi Namo aliliona hilo, akalimeza.

Mchana mmoja ukungu uliteremka ukaufunika mlima mzima. Yi Namo alikuwa kwenye mfereji wa mwanzi nyuma ya nyumba, akifua nguo za mtoto na kumsikiliza akilia kwa njaa, mara kilio kikakatika, na badala yake ikaja sauti ya kunyonya, ya mdomo uliojaa na koo linalomeza, tulivu, ya raha, ikitoka ndani ya nyumba ambamo hamkuwa na mtu mwingine. Akapanda ngazi na nguo mbichi mkononi, maji yakimchuruzika miguuni, harufu ya majani yaliyopondwa ikizidi kadiri alivyoukaribia mlango, akijiambia ni jirani, ni shangazi, ni mtu yeyote yule mwenye jina, na alipofunua shuka ya susu la mtoto akamkuta mwanawe peke yake, macho nusu wazi, midomo imelowa maji ya kijani, na susu bado likibembea kama lililoachiwa na mkono sasa hivi.

Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akamfuata mumewe shambani, wakaenda wote kwa Yu Hong.

Yu Hong, mganga wetu, alikuwa mjane mwenye nguruwe wengi na subira kidogo. Aliwapokea akitafuna chai chachu, majani yanayozikwa ardhini ndani ya mwanzi mpaka yachachuke, akasikiliza mpaka mwisho, akampenua mtoto midomo na kuunusa ulimi. Kisha akamuuliza Ai Senla kama mti ule aliukwea au aliukata. Ai Senla akajibu kwamba aliukwea, kama anavyokwea mwanamume yeyote. Angejibuje? Anayekata mti wa chai kwetu hana tena mahali pa kukaa karibu na moto wa watu.

Basi Yu Hong akafanya dawa ya mti uliokwewa. Akachinja kuku, akamfunga mtoto uzi mweupe mkononi, akamwita jini la mti kwa maneno ya heshima na kumwomba achukue njia ya kurudi kwake. Asubuhi yake uzi ulikutwa mweusi, na mtoto hakuwa tena na nguvu za kulia.

Yi Namo alimvuta mumewe kando ya jiko. Alizungumza kwa sauti ya chini, maana alihisi kuna mwingine anayesikiliza.

"Baba Do, siku uliyoileta ile chai ulirudi na utomvu kwenye panga na nguoni. Nilikufulia suruali mimi. Nikwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Ai Senla akatazama miguu yake. Yi Namo hakungoja zaidi. Alirudi kwa Yu Hong, akamwambia mbele ya watu waliokuja kuomboleza kabla ya msiba: "Aliukata."

Yu Hong alitema chai yake chini.

"Mmemvunjia mwenye mti nyumba," akasema, "kisha mkampakatisha mtoto kwa tone la chai yake. Angekuwa mpumbavu kumkataa. Ungesema siku ya kwanza, Ai Senla, kuku angetosha."

Akaagiza majani yote yaliyosalia ya mti ule yachemshwe mpaka yawe uji mweusi. Baba aubebe mwenyewe kwenye kibuyu hadi kwenye kisiki, peke yake, aunywe wote. Tone lililo ulimini mwa mtoto litahamia kwake. Tangu hapo hadi anaingia kaburini, kila atakachotia mdomoni kitakuwa na uchungu huo, na utamu hautarudi.

"Hata chai?" Ai Senla aliuliza.

"Chai ndiyo ya kwanza."

Alikwenda. Alirudi jua likizama, kibuyu kitupu, midomo myeusi, machozi yakimtoka, nasi tukampisha njia kama shujaa. Nguzo haikusikika jioni ile. Ai Do alishika ziwa la mama yake, akavuta, akaendelea kuvuta hadi usingizi ukamchukua. Yi Namo alilia kwa furaha, na sisi tulilia naye. Nani angekumbuka kuyaonja maziwa, mtoto akiwa ananyonya?

Mtoto akanenepa. Ai Senla naye akawa mtu wa kuhurumiwa. Kila mlo alikunja uso, akameza kwa taabu, na Yi Namo akawa anamwekea asali yake yote, kipande kikubwa cha nyama, kila kizuri, labda utamu wake upenye uchungu ule. Wanunuzi waliendelea kuja. Alisema sasa anaipima chai kwa pua tu, na hakukosea hata mara moja. Tukaisifu pua yake.

Wakati wa kumwachisha Ai Do ziwa ukafika, ukapitiliza. Alikataa viazi vitamu, alikataa ndizi, asali aliitema. Hakutaka kitu ila mama yake. Hatimaye Yi Namo akafanya wanachofanya wanawake wote wa kwetu: akajipaka nyongo ya nguruwe. Hakuna mtoto aliyewahi kurudi mara ya pili.

Ai Do akalamba. Akatulia kidogo, kama mtu anayelikumbuka jina la rafiki. Kisha akatabasamu, akanyonya kwa pupa ambayo mama yake hakuwahi kuiona, akaimaliza nyongo yote upande huu na kudai upande wa pili.

 Yi Namo alijikamua kiganjani, akaonja. Ulikuwa uchungu uleule, wa gome na ukungu, haujapungua hata chembe. Maziwa hayakuwahi kuponywa. Aliyebadilika ni mtoto.

Ai Senla alikuwa kando ya jiko, amewapa mgongo, akinywa supu ya boga. Hakuwa amekunja uso. Alikuwa analikomba bakuli kwa kidole.

"Ile chai uliimwaga wapi?" Yi Namo aliuliza polepole.

Kidole kikasimama. Akaliweka bakuli chini.

"Ni ulimi wangu, Mama Do," alinong'ona. "Bila huo mimi ningekuwa nani?"

Yi Namo alifungua mdomo amjibu, lakini mtoto aliachia ziwa. Ai Do alikuwa bado hajawahi kutamka neno. Akatazama juu ya bega la Yi Namo, kuelekea kwenye nguzo, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akanyoosha mikono yote miwili ili achukuliwe.

"Mama," akasema.